Kiondo cha Getini

Kwa msomaji anayeingia leo: mimi ni Wangu, mama Muchiri, na riziki yangu ni kuimba kwenye sherehe za watu. Wiki jana uliniacha Bungoma, nje ya ukumbi tulioufungua kwa nyimbo zetu, nikipiga simu ya mtu aliyekuwa "mteja hapatikani".

Mtu huyo ni Walubengo, mwandalizi wa sherehe, mzee wa suti na mdomo wa asali. Alitukodi, tukaimba siku mbili mpaka sauti zikakauka, akasema malipo ni Jumatatu. Jumatatu hiyo haijafika mpaka leo. Nilipoenda kushtaki niliulizwa tuliandikiana wapi. Hatukuandikiana popote. Tulikubaliana kwa mdomo, na mdomo hauna muhuri.

Lakini kilichoniuma si Walubengo. Matapeli wako kila mahali, hata kanisani wamo. Kilichoniuma ni Jerono.

Jerono ni binti wa kutoka kijijini Saboti na ndiye sauti ya kwanza ya kundi letu. Nilimkuta akipalilia viazi vya watu, nikamfundisha kila wimbo ninaoujua. Tuliporudi Kitale alinitazama machoni mbele ya wenzake wote.

"Huyo mzee alikulipa," akasema. "Wewe ndio ulikula hiyo pesa yetu."

Nilingoja mmoja anitetee. Agneta, anayetunza ngoma na leso zetu, akatazama chini. Wengine wakashika mikoba yao. Hapo nikajua kwamba maskini akidhulumiwa na mkubwa huenda kumtafuta maskini mwenzake, kwa sababu huyo ndiye anayeweza kumfikia.

Tuko wanawake wanane. Kundi letu lina Wakikuyu, Wasabaot na Wabukusu. Tunaimba kwa lugha tatu na tunadhulumiwa kwa lugha zote tatu. Nikaapa kwamba kazi inayofuata watalipwa mbele ya macho yao, na kama si hivyo, sitaimba tena.

Nikaenda kumwona Ngige.

Ngige alikuwa MC wa harusi za Kitale nzima wakati mimi bado nabeba ngoma za wengine. Siku hizi anaishi chumba kimoja nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi. Amedhulumiwa na wachungaji, wanasiasa na wakwe zake mwenyewe, kwa hiyo kama kuna profesa wa dhuluma mjini humu, ni yeye.

Hakunihurumia hata kidogo. Aliniambia kosa ni langu. Usitoke nyumbani, akasema, kabla nusu ya malipo haijaingia kwenye simu yako. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, na anayekukodi ajibu kwa maandishi kwamba amekubali. Waonyeshe wenzako ujumbe huo, ili kesho wasikuite mwizi.

"Na ile nusu nyingine usiidai baada ya kuimba," akasema. "Ukishamaliza kuimba wewe si mtu tena, mama Muchiri, wewe ni kelele imepita. Tafuta mahali ambapo sherehe haiwezi kuendelea bila wewe. Simama hapo. Usitoke hapo mpaka ulipwe."

Nikamuuliza kama yeye aliwahi kufanya hivyo.

"Ningefanya, ungenikuta hapa?"

Wiki hiyo hiyo akanipigia Beth, mama mmoja mwenye duka la mabati na simiti pale Kitale. Binti ya kaka yake, Mary Ann, alikuwa anaolewa na kijana wa Bungoma, na wakwe walikuwa wanaleta mahari nyumbani Kiminini. Walitaka wanawake wa geti.

Asiyejua mambo yetu nimweleze. Siku ya ruracio, sherehe yetu Wakikuyu ya kupokea mahari, wakwe wakifika, wanawake wa boma hufunga geti na kuimba. Wageni nao huimba kutoka nje, wakibembeleza na kutia pesa kwenye kiondo, mpaka wenye geti waridhike. Zamani kila mama alizijua nyimbo hizo. Siku hizi akina mama wanajua kwaya na chama cha akiba, na za geti wanatukodi sisi. Anayefunga geti la Kikuyu vizuri kuliko wote katika kundi langu ni Jerono, Msabaot mtupu, na hakuna mkwe aliyewahi kushtuka.

Mara hii nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Nilimwandikia Beth ujumbe: nusu kabla hatujatoka Kitale, nusu kabla geti halijafunguliwa. Akacheka kwenye simu akaniuliza tangu lini nimekuwa benki. Nikamwambia tangu Bungoma. Akajibu kwa maandishi kwamba amekubali, na nusu ikaingia. Niliwaonyesha wanawake wote ujumbe ule. Jerono aliusoma mpaka mwisho, akanirudishia simu.

Tukafika Kiminini asubuhi. Hema limesimama, sufuria zinachemka, mahindi yamezunguka boma yakiwa marefu kuliko mtu. Tukafunga leso za kufanana, tukajipanga getini. Beth akaja mwenyewe kutundika kiondo kwenye nguzo ya geti, kiondo kikubwa cha mkonge kilichokuwa cha marehemu mama yake.

Nikamwambia nangoja ile nusu. Akasema nimpe dakika, anapakua. Nikamfuata jikoni baadaye, akasema simu yake iko kwa chaji. Mara ya tatu honi zikalia barabarani na akina mama wakaanza kukimbia huku na huku.

"Beth," nikasema, "bila hiyo pesa mimi sifungui geti."

Akanipiga begani akacheka. "Si hiyo ndiyo kazi nimekulipia? Wafungie kabisa. Wasione sisi ni watu rahisi."

Akarudi zake jikoni. Nilibaki nimesimama pale na hasira yangu, na Beth ameihesabu kuwa sehemu ya kazi.

Basi nikasema heri. Ngige aliniambia nisimame mahali ambapo sherehe haiwezi kuendelea bila mimi, na hakuna mahali pa namna hiyo kama geti la ruracio. Nikatia komeo. Nikawaambia wanawake waimbe mpaka niseme. Wakwe wakashuka kwenye magari, akina mama wao mbele wamebeba soda na vikapu, wazee nyuma, wakaja wakicheza. Mbele yao alitembea msemaji wao, mjomba wa bwana harusi, na suti yake.

Alikuwa Walubengo.

Wimbo ulikatika. Si mimi niliyeukata, ni Jerono. Alinyamaza katikati ya neno akamtazama yule mzee, kisha akanitazama mimi, na wenzake wote wakafuata macho yake. Nikaona wanangoja waone tutasalimiana vipi, kama watu wanaodaiana au kama watu waliogawana.

Walubengo naye alinitambua. Nilijua kwa sababu tabasamu lake lilizidi. Mtu wa kawaida akikutana na anayemdai hushtuka, lakini huyu alifungua mikono kama amekutana na dada yake.

Nikauanzisha wimbo mwenyewe. Sikuimba Kikuyu. Niliimba Kiswahili ili wote wasikie, nikauliza huyu mgeni ni nani anayekuja kuomba mke wakati jasho la wanawake wa watu liko mfukoni mwake. Nikaitaja Bungoma, nikautaja ukumbi, nikaitaja ile Jumatatu.

Wageni wakafurahi kupita kiasi. Akina mama wa Bungoma wakapiga vigelegele wakajibu kwa wimbo wao. Watu wakatoa simu kurekodi. Kutoka hemani nikasikia mzee mmoja akisema hajawahi kuona geti kali namna hii tangu aoe. Nilikuwa nasema ukweli wangu wote, na kadiri nilivyousema ndivyo walivyonishangilia.

Walubengo akacheza mpaka mbele, akatoa noti moja na kunipungia. Nikaikataa. Wakashangilia tena.

Nikaenda karibu na vyuma vya geti, nikamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba mimi sichezi. Wanawake wangu wamesimama nyuma yangu. Aseme mbele yao kama aliwahi kunipa hata shilingi ya ile kazi. Asiposema, leo harusi hii itarudi Bungoma.

Tabasamu likapungua. "Mama, bana, usiniaibishe mbele ya wakwe," akasema polepole. "Hiyo tutaongea baadaye."

"Baadaye niliisikia Bungoma. Sema sasa."

Jua lilikuwa kali. Nyuma yake baba ya bwana harusi, mzee wa mkongojo, alikuwa ameanza kutafuta mahali pa kuegemea. Bwana harusi alikuwa anajifuta jasho kwenye suti mpya. Akina mama walikuwa wamerudia wimbo mmoja mpaka umewachosha. Walubengo akageuka akawaona wote, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba huyu mwanamke kweli hafungui.

Akainua mkono watu wanyamaze. "Sawa," akasema kwa nguvu. "Hawa wamama walinifanyia kazi, na mimi sikulipa. Huyu hakukula kitu. Mimi ndio nilikula."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mbavu. Walidhani ni maneno ya getini, mgeni anajishusha ili aingie. Lakini wanawake wangu hawakucheka. Agneta alifunika mdomo kwa leso. Jerono alisogea mpaka akasimama kando yangu, bega kwa bega, akasema polepole, "Pole, mama." Ni maneno mawili tu. Nililia pale pale mbele ya wakwe za watu, na hata machozi yangu yakapigiwa makofi.

Kama ningeondoka wakati huo nikarudi Kitale mikono mitupu, leo ningekuwa mtu mwenye furaha.

Lakini nilitaka na pesa. Nikamwambia kukiri si kulipa. Akarudi kwa wazee, wakanong'onezana, mfuko wa michango ya mahari ukafunguliwa. Hata deni lake alililipa kwa pesa za watu. Akarudi na kitita, akakiinua juu ili kila jicho likione, akatangaza kwamba hili ni deni la wanawake hawa, lote, na hakuna kilichobaki. Kisha akakitumbukiza kwenye kiondo.

Vigelegele vikapasua boma. Wanawake wangu wakanikumbatia. Nami katika ile furaha, kwa mkono wangu huu, nikatoa komeo.

Ile nusu ya Beth? Niliisahau kabisa. Ngige aliniambia nisitoke pale mpaka nilipwe, na mimi nilikumbuka mdeni wa mbele nikamsahau wa nyuma.

Wageni wakaingia kama mto. Walipokwisha kupita, Beth akaja na dada zake wawili, akakitoa kiondo kwenye nguzo, akakiweka begani. Nikamshukuru kwa kutushikia. Nikamwomba atutolee kile kitita kabla hakijachanganyika na pesa nyingine.

Akanitazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. "Cha kiondo ni cha akina mama wa nyumba," akasema. "Wewe si Mkikuyu, Wangu? Mimi ndio nikufundishe?"

Alikuwa anasema kweli. Kinachoingia kwenye kiondo cha getini ni cha wanawake wa boma, tangu nyanya zetu. Mwimbaji wa kukodiwa hana haki hata ya kukigusa. Nilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote pale, na bado nilisimama nikimtazama Walubengo akitupa jasho letu ndani ya kikapu cha watu wengine, nikapiga vigelegele.

Nikamwambia basi anilipe nusu yake. Akasema ningedai kabla sijafungua, kama nilivyoandika mwenyewe. Sasa wageni wanakula, ningoje.

Nikaenda hemani kwa Walubengo. Alikuwa ameshapewa kiti cha mbele na soda baridi. Nikapiga magoti kando yake, mimi mama mzima, nikamwomba amwambie Beth kwamba zile hazikuwa za geti.

"Mimi nililipa mbele ya watu, mama," akasema, bila kuacha kutazama soda yake. "Mambo ya ndani ya boma siwezi kuingilia. Mimi ni mgeni hapa."

Alijua. Alipokiinua kile kitita alijua tayari kinakokwenda. Amehudhuria ruracio nyingi kuliko mimi.

Nikarudi kwa wanawake. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonimaliza. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi karibu na zizi, ngoma zimefunikwa, wakiningojea kwa uso wa watu wanaoniamini. Siku ile ile niliyopata imani yao niliona naipoteza kwa mara ya pili, na safari hii ningekuwa nimeipoteza mwenyewe.

Sasa nasema nilichofanya, na msomaji anihukumu.

Kiondo kilikuwa kwenye meza nje ya jikoni. Beth alikuwa ameinama kwenye sufuria. Nikakichukua. Nia yangu ilikuwa kukileta kwa wanawake, nihesabu chetu mbele yao, nirudishe kilichobaki. Naapa hiyo ndiyo ilikuwa nia. Lakini dada yake mmoja akageuka, akapiga kelele, "Mwizi," na miguu yangu, badala ya kusimama nieleze, ikakimbia.

Nilipita nyuma ya zizi mpaka ukingoni mwa mahindi. Nyuma kiti kikaanguka, kingine kikafuata, sauti za wanaume zikaanza kuja. Aliyekuwa anapaza sauti kuliko wote kwamba nishikwe, nisiachwe niende na pesa za watu, alikuwa Walubengo.

Hatua za mbio zikanifikia kwanza. Nikageuka. Ni Jerono, amekunja leso mpaka magotini.

"Lete," akasema.

Sikumuuliza anataka kufanya nini. Saa moja kabla alikuwa ameniambia pole, na mimi nilikuwa na njaa ya kuaminiwa na kuamini. Nikampa kiondo. Akakikumbatia kifuani, akaingia katikati ya mistari ya mahindi, majani yakatikisika kidogo, kisha yakatulia.

Wanaume wakanikuta nimesimama mikono mitupu. Kijana mmoja akanishika kola ya nguo. Beth akafika akihema, akanizunguka mara mbili kama anatafuta kiondo kwenye mwili wangu. Wazee wa Bungoma wakaja nyuma, sasa wanasema ndani ya kiondo kuna pesa za mahari, na mahari ikipotea hakuna harusi. Na wanawake wangu wakaja pia, wakasimama upande wa pili wakiwa sita.

Walubengo akaninyooshea kidole akauliza pesa iko wapi.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Ni jina moja tu. Lakini sikujua kama yule binti ameingia mahindini kutuokolea chetu au kujiokolea chake, na nikilitaja jina lake bila kujua, nitakuwa nimemfanyia mbele ya watu kile kile alichonifanyia mimi. Na nisipolitaja, mwizi ni mimi, na safari hii kuna mashahidi.

Yule kijana akanikaza kola. Mtu mmoja nyuma akauliza kama kuna kamba.

Ndipo Agneta akasogea mpaka akawa mbele yangu. Alikuwa amehesabu wenzake. Akaniangalia, akayaangalia mahindi, akaniangalia tena.

"Mama Muchiri," akaniuliza, "Jerono ako wapi?"

Nikamjibu kwamba sijui. Alikotokea baada ya yale mahindi sikukujua, kwa hiyo ulikuwa ukweli mtupu, na kwa macho yao wote niliona hakuna hata mmoja aliyeuamini.